Bi Mdogo Hakuibwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Malindi, siku ya Jumapili tarehe 22 Mei 1988, kuanzia saa nne asubuhi.

Jina: Mahfudha Aboud Shee
Umri: Miaka thelathini na mmoja
Kazi: Karani wa ofisi, kampuni ya samaki na barafu ya Neema
Makao: Shela, Malindi
Yahusu: Madai ya wizi wa diski ya kompyuta dhidi ya Gerishom Ochola, fundi

Mimi ndiye Mahfudha niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Naomba hilo liandikwe mwanzo, kwa sababu tangu nifike kwenye kaunta nimeulizwa mara mbili nimetumwa na nani. Sikutumwa. Hata jana nilikuja, nikaambiwa Sajini, afisa wa kesi, hayupo. Leo yupo, na ananitazama kama mtu aliyekuja kumuuzia kitu. Sajini ameyaandika hayo kama nilivyoyasema, nami namshukuru.

Kampuni ya Neema iko hapa hapa Shela. Ofisi iko chini, na ghorofani anakaa mwenye kampuni, Bwana Abdulhalim, pamoja na mamake, Bi Harusi. Bi Harusi ni shangazi yangu, dada wa baba. Kwa hiyo Bwana Abdulhalim ni mkubwa wangu wa kazi na tena ni ndugu yangu. Meneja wetu ni Bwana Ndirangu, ambaye ndiye mlalamikaji. Fundi wa mashine, yaani kompyuta yetu, ni Gerishom Ochola, anayekaa Kisumu Ndogo na mkewe Jedida. Huyo ndiye mliyemfungia humu tangu juzi Ijumaa, na kesho asubuhi anapelekwa mahakamani kwa kuiba diski.

Nimekuja kusema kwamba diski haikuibwa. Imo ndani ya mashine, na mashine imo kwenye chumba chenu cha vielelezo, nyuma ya mlango ule wa kijani. Tungeweza kuinuka sasa hivi tukaitazama. Sajini amenijibu kwamba kielelezo kimepigwa lakiri na hakifunguliwi kwa maneno matupu ya shahidi. Basi nitayasema hayo maneno, na yeye atajua kama ni matupu.

Nikiulizwa kwa nini mashine moja iwe na diski mbili, nasema kwamba diski ya kwanza ilikuja na mashine. Ndani yake mna mfumo wa Dos, ambao mimi na Bwana Ndirangu tunautumia kuandika barua. Mfumo huo unamhudumia mtu mmoja kwa wakati. Mwaka huu Bwana Abdulhalim alitaka watu watatu watumie mashine kwa pamoja, kila mmoja na kioo chake: mimi ofisini, Bwana Ndirangu chumbani kwake, na mtu wa mizani kule wanakopokelea samaki kutoka Ngomeni. Kazi hiyo inataka mfumo mwingine kabisa, na mifumo hiyo miwili haielewani. Ochola alitaka kuigawa diski ya kwanza mapande mawili. Bwana Ndirangu akakataa, akasema, “Diski yangu isiguswe.” Ndipo ikanunuliwa ya pili.

Tabu ilianzia hapo. Mashine kwa maumbile yake inaiamsha diski ya kwanza tu. Ya pili inaweza kuwamo, nzima, imejaa kazi, na mashine isiipitie. Ochola alimaliza karibu Januari yote akishindana nayo. Siku moja diski zote mbili zilijibu kwamba ndizo za kwanza, mashine ikaganda. Siku nyingine hakuna iliyojibu. Siku nyingine akageuza ncha za waya ulio bapa kama utepe, ya pili ikawa ya kwanza, na Bwana Ndirangu alipowasha hakuziona barua zake. Kelele alizopiga zilisikika hadi mnadani kwa samaki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia Ochola tochi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuchuchumaa chini ya meza ile. Sijifanyi fundi. Nasema niliyoyaona nikiwa nimeshika tochi, na magoti yananiuma mpaka leo.

Mwisho aliipata njia. Aliirudisha ya kwanza mahali pake, akaitia ya pili kijipini cha kuijulisha kwamba yeye ni wa pili, kisha akatengeneza flopi nyekundu, kile kisahani cha plastiki kinachochomekwa kwenye mlango wa mbele wa mashine. Ukiwasha mashine bila flopi, inaamka diski ya kwanza. Ukiitia flopi nyekundu mlangoni kabla ya kuwasha, flopi inaionyesha mashine njia ya kwenda kwa ya pili. Watu wa mizani wakaziita diski hizo Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na majina yakashika. Asubuhi zamu ya Bi Mkubwa, baada ya adhuhuri zamu ya Bi Mdogo. Hata shangazi alipopita ofisini alimwambia Ochola, “Mwanangu, uwafanyie insafu hao wake zako.” Tulicheka. Naomba majina hayo yaachwe kama nilivyoyasema, kwa sababu ndivyo tunavyosema ofisini, na nikianza kusema “diski namba mbili” nitajichanganya mwenyewe.

Sasa naja kwenye jambo ambalo nimemweleza Sajini mara tatu kwa mdomo na bado hajaliamini. Mashine hii haina macho. Haihesabu diski zake, inaambiwa. Ina kumbukumbu ndogo ambamo mtu anaandika kwamba ina diski ngapi na za aina gani, pamoja na tarehe na saa. Mashine ikizimwa, kumbukumbu hiyo haiishi kwa umeme wa ukutani. Inaishi kwa betri nne ndogo, mawe kama tunavyoita nyumbani, ya aina ile ile inayotiwa kwenye redio. Yamo kwenye kikasha cha plastiki ndani ya mashine, upande wa nyuma. Mawe yakitoka, mashine inasahau kila kitu. Inasahau kwamba ina Bi Mdogo, inasahau hata kwamba ina Bi Mkubwa, na tarehe inarudi mwaka wa 1980, mwezi wa kwanza, siku ya kwanza.

Najua hivyo kwa sababu imetokea kwetu zaidi ya mara moja. Upepo wa bahari unazitia kutu springi za kile kikasha, mawe yanalegea, mashine inapotewa na akili. Ochola alichoka kufungua na kufunga parafujo kila mara, akauacha mfuniko umeegeshwa tu, kwa mkono unatoka. Watu wote wa nyumba ile wanalijua hilo. Shangazi pia analijua, maana alishamkuta Ochola akibadilisha mawe akamuuliza ni ya nini, na Ochola akamweleza kwa adabu kama anavyomweleza kila mtu.

Mnamo tarehe 16 Mei, siku ya Jumatatu, mwezi ishirini na tisa Ramadhani, tulifunga kazi saa tisa alasiri. Ochola aliizima mashine mbele yangu. Mchana ule Bi Mdogo alikuwa amefanya kazi vizuri, watu watatu kwa pamoja, bila tatizo. Ochola alituaga, akasema anakwenda Junju kwa shemeji yake na atarudi Ijumaa. Mimi nilipanda juu kumsaidia shangazi kuandaa futari.

Magharibi tulipokuwa tumeshafuturu, umeme ulikatika mtaa mzima. Tulikuwa sebuleni, mimi, shangazi, Bwana Abdulhalim na watoto. Kila mtu alitaka kujua kama mwezi umeandama, kwa sababu kwetu mawingu yalikuwa mazito na hatukuona kitu. Redio kubwa ni ya umeme. Shangazi ana redio ndogo ya mkoba wa ngozi, lakini mawe yake yalikuwa yamekufa, na maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa futari. Shangazi alichukua kandili akashuka ngazi ya ndani, ile inayotokea ofisini. Nilitaka kumfuata, akanikataza. Aliporudi, redio ilikuwa ikisema.

Bwana Abdulhalim alimuuliza, “Mama, mawe umeyapata wapi?”

Shangazi akamjibu, “Kwa mashine yako. Yenyewe imelala, mimi niko macho.”

Tulicheka wote, na Bwana Abdulhalim alicheka kuliko sisi. Alisema, “Hewala, yatarudi kesho.” Kisha ikatangazwa kwamba mwezi umeonekana, watoto wakaanza kupiga takbiri, na hakuna aliyefikiria mawe tena. Kesho yake ilikuwa Idi. Nyumba ilijaa wageni siku mbili mfululizo.

Nimelisema. Tangu nikae kwenye kiti hiki nilikuwa nikilizunguka. Naomba Sajini aelewe kwamba kwetu si jambo dogo kulitaja jina la mama mzima, mtu wa heshima zake, mbele ya polisi. Anaweza kucheka akitaka, lakini aliandike sawasawa.

Mnamo tarehe 19 Mei, siku ya Alhamisi, ofisi ilifunguliwa. Bwana Ndirangu alifika kwanza. Nilipoingia nilimkuta anaigombeza mashine. Ilikuwa imemwandikia kwamba haijui ina diski gani. Alichukua kitabu kilichokuja na mashine pamoja na flopi ya matengenezo, akafuata kitabu neno kwa neno. Kitabu kiliandikwa wakati mashine ina diski moja. Kikamwambia aandike diski moja, naye akaandika moja. Bi Mkubwa akaamka. Baadaye akatia flopi nyekundu, akaianzisha mashine upya bila kuizima ili amwamshe Bi Mdogo, na mashine ikamjibu kwamba diski ya pili haipo.

Haipo kwa sababu yeye mwenyewe ameiambia haipo! Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya adabu. Akanijibu, “Wewe Mahfudha, wacha maneno mingi. Mashine haisemi uongo.” Akautoa mfuniko. Vile visanduku viwili vya diski vilikuwa mahali pake, kimoja juu ya kingine. Nikamwambia, “Si hicho hapo?” Akasema hicho ni ganda tu, kwamba Ochola ametoa diski nzima na kuweka mbovu, kwa sababu diski kama ile inatafutwa sana Mombasa. Visanduku hivyo havifunguliwi, kwa hiyo hakuna awezaye kuchungulia ndani na kumkatalia. Hapo hapo bawabu akatokea akasema Jumatatu alasiri alimwona Ochola anatoka na kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Basi Bwana Ndirangu akapiga meza, akasema kesi imekwisha.

Nilimwonyesha tarehe kwenye kioo. Ilikuwa mwaka wa 1980. Nikamwambia mwizi wa diski haibi tarehe. Angeondoa diski na kuacha mashine ikijua leo ni siku gani. Akaniambia tarehe nitairekebisha mwenyewe, hiyo ni kazi ya karani. Sijui niseme nini kuhusu mtu huyo. Si mtu mbaya, ni mwaminifu na anafanya kazi kuliko sisi sote, lakini akishasoma kitu kitabuni, hata ukimletea macho yake mwenyewe kwenye sinia hatayatumia.

Wakati huo Bwana Abdulhalim alikuwa amesimama mlangoni. Kile kikasha cha mawe kilikuwa wazi, kitupu, springi zake zinatazama juu. Nilikitazama kikasha, kisha nikamtazama yeye. Akatazama chini.

Jioni ile nilimfuata kwenye ghala la barafu. Nilimwambia, “Kaka, sema. Mwambie Ndirangu mawe yako wapi.” Akaniambia mawe yale ni ya saa tu, na saa ikikosea haiwezi kuiba diski. Naamini alikuwa akiamini hivyo kweli, kwa sababu hajawahi kuchuchumaa chini ya ile meza hata siku moja. Nikamwambia si ya saa tu. Akaniambia, “Mahfudha, mamangu hatatajwa kituoni. Mtu mzima kama yule, leo asomwe kortini kwa mawe manne ya redio? Tumsitiri. Huyo fundi akija ataeleza mwenyewe, yatakwisha.” Nikamuuliza kama amemwambia shangazi ayarudishe mawe. Akasema hawezi kumuuliza mamake jambo kama hilo siku za Idi, atadhani anashitakiwa na mwanawe.

Nami nilinyamaza. Nilipanda juu, nikamkuta shangazi anaisikiliza redio yake, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikala halua, nikashuka. Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, na bado sikumuuliza.

Mnamo tarehe 20 Mei, siku ya Ijumaa, asubuhi, Ochola alifika kazini. Askari wawili walikuwa wameshafika wanamngoja. Aliingia na shati safi, akatupa mkono wa Idi mmoja mmoja. Bwana Ndirangu akasema, “Huyo ndiye.” Alipoambiwa habari yenyewe hakupiga kelele. Aliinama akatazama mashine kutoka pale aliposimama, kwa sababu askari alikuwa ameshamshika mkono. Akauliza, “Betri ziko wapi?”

Bwana Ndirangu alicheka, akawaambia askari, “Sikieni, diski imeibwa na yeye anauliza betri.” Bwana Abdulhalim alikuwa akichezea kifungo cha kanzu yake. Ochola akauliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na wagonjwa. Hakuna aliyemjibu, na mimi nimo.

Aliulizwa kifurushi cha kanga kilikuwa na nini. Akasema, “Mkate.” Bwana Ndirangu akamuuliza ni mkate gani unaobebwa kama mtoto mchanga. Akasema amepewa. Akaulizwa amepewa na nani. Ochola akafungua mdomo, akamtazama Bwana Abdulhalim, akaufunga. Mimi sikuona alichopewa wala aliyempa, na siwezi kuapa kwa nisichokiona. Wakamchukua. Mashine wakaibeba nyuma ya gari lenu, na flopi nyekundu ndani ya bahasha.

Nikiulizwa kama si kweli kwamba mwizi angeweza pia kuondoa betri, nasema kwamba mtu anayetoka na diski iliyonunuliwa kwa bei kubwa vile, kisha akarudi kuchukua mawe manne ya redio, huyo hafai kuitwa mwizi, anafaa kupelekwa hospitali. Nikiulizwa kama nina uhusiano wowote na mtuhumiwa, nasema ni fundi wa ofisini na mimi nilikuwa nikimshikia tochi. Swali hilo limeniudhi. Mwanamke akisema kweli kwa ajili ya mwanamume ambaye si wake, lazima kuwe na jambo? Sajini amesema ni swali la kawaida. Basi jibu langu pia ni la kawaida.

Jana jioni, nilipotoka hapa bila kusikilizwa, mkewe Ochola alikuja nyumbani kwangu. Hakulia. Alikataa hata kuketi. Alisema, “Dada, nimetoka kumpelekea chakula. Amesema nikuulize neno moja tu, kama mawe yamerudi. Mimi sijui ni mawe gani.” Nilimwambia hayajarudi. Akasema, “Sawa, nitamwambia,” akaenda zake. Usingizi wangu wa jana ulikwisha hapo. Kumbe yule mtu ameshajua. Amekaa kwenye sakafu yenu siku mbili, anajua ni nani anayeweza kushuka ngazi ile na ni kwa nini, na hakumtaja. Naye anamsitiri shangazi! Mwenye nyumba anamsitiri, mimi namsitiri, na aliyefungwa anamsitiri. Tunamsitiri wote kwa mgongo wa mtu mmoja.

Ninachoomba ni chepesi. Nunueni mawe manne. Vunjeni lakiri mbele ya Bwana Ndirangu, ili asiseme mnamficha kitu. Niacheni niiambie mashine kwamba ina diski mbili. Aina ya kila moja imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kisanduku chake. Kisha itieni flopi nyekundu mlangoni na muwashe. Kama Bi Mdogo hataamka na majina yote ya wavuvi wa Ngomeni, nifungieni mimi pia, nafasi haikosekani.

Na ninaomba jambo la pili. Ikibidi kumuuliza shangazi, aende askari mwenye adabu, avue kofia, aamkie kwanza. Maelezo haya yasisomwe mbele yake. Najua nikitoka hapa nitakuwa nimevunja kitu nyumbani kwetu ambacho sitaweza kukiunga, na huenda nisiitwe tena kula pale. Lakini siwezi kukimeza chakula cha nyumba ile kesho Ochola akiwa kizimbani.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa yote. Mahali Sajini alipoandika “shahidi anadai” nimemwomba akate aandike “shahidi anasema”, naye amekata. Sina la kuongeza.

Sahihi: Mahfudha A. Shee

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Kiponda, kwa Kiswahili, kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake. Shahidi alikuwa mwenye hasira lakini hakubadilisha maneno nilipomrudisha nyuma.

Baada ya kumaliza, nilimtuma Konstebo Nahashon nyumbani kwa Bi Harusi, na maagizo ya kumwuliza kwa heshima. Konstebo anaripoti kwamba alipobisha, Bwana Abdulhalim alimwambia mama amelala. Bi Harusi alijibu mwenyewe kutoka dirisha la juu kwamba hakulala.

Saa nane mchana Bi Harusi alifika kituoni pamoja na mwanawe. Aliweka juu ya kaunta redio ndogo yenye mkoba wa ngozi, akaifungua, akatoa betri nne, akasema, “Haya, mawe ya watu haya. Tangu Idi nangoja Gerishom aje niyamrudishie. Naambiwa yuko safari.” Nilimweleza kwamba Gerishom Ochola yuko mahabusu, na kwa nini. Kisha alisema kwamba mkate wa sinia ni yeye aliyempa Ochola siku ya Jumatatu, ampelekee mkewe, na kanga ni yake na ataitaka irudi. Nilipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu, “Hakuna aloniuliza.” Alimtazama mwanawe, kisha shahidi aliyekuwa kwenye benchi, akasema tena, “Nyote mlijua, na hakuna hata mmoja aloniuliza.” Shahidi alilia. Bwana Abdulhalim alitoka nje.

Saa tisa kasorobo, mbele ya mlalamikaji, nilivunja lakiri ya kielelezo. Kikasha cha betri kilikuwa kitupu. Betri ziliwekwa. Shahidi aliandika diski mbili. Flopi nyekundu ilitiwa na mashine ikawashwa. Diski ya pili iliamka ikiwa na kazi zake zote. Mlalamikaji aliitazama kwa muda, akasema kitabu hakikusema hivyo, na akaondoa malalamiko yake.

Gerishom Ochola ameachiliwa leo saa kumi alasiri. Mlalamikaji alimwuliza kama atakuja kazini kesho. Ochola alimwamkia Bi Harusi, akaichukua redio isiyo na betri, akatoka nayo akimbebea mpaka kwake.

Sahihi: Kiponda, Sajini